Njia Nyembamba na Barabara Pana: Mtembea kwa Miguu katika Historia ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na ya Lubumbashi

0. Utangulizi

Historia ya miji huandikwa mara nyingi kwa majina ya waanzilishi, kwa tarehe za majengo makubwa na kwa hesabu za viwanda. Mtu aendaye kwa miguu hapati nafasi kubwa katika maandishi hayo, ingawa katika miji yetu yeye ndiye aliyekuwa mwingi kuliko wote, na mpaka leo hajapungua. Makala haya yanakusudia kumrudisha katika historia. Swali letu ni jepesi kulitamka: umbo la njia, yaani upana wake, urefu wake, kivuli chake na yale yanayopakana nayo, limewafanyia nini watembeao kwa miguu na wapandao baiskeli katika mitaa ya kale?

Ili kulijibu tumechagua miji miwili. Wa kwanza ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao njia zake zilizaliwa baada ya nyumba. Wa pili ni mji wetu wa Lubumbashi, ambako njia zilichorwa kwanza na nyumba zikafuata. Msomaji ataona mara moja kwamba miji hii haifanani kwa umri, kwa ardhi wala kwa wakazi. Hata hivyo iko kamba inayoifunga pamoja, nayo ni lugha. Kiswahili kilichotajia njia za Zanzibar ndicho kilichofika Katanga na kutajia njia za hapa, na maneno yaliposafiri yalibeba habari ambazo ramani hazikuzibeba.

Tutakalojaribu kulionyesha ni hili: upana wa barabara, peke yake, si dalili ya heshima kwa mpitaji. Barabara pana yaweza kumtesa, na kichochoro chembamba chaweza kumpokea. Linaloamua ni umbali uliowekwa kati ya mahali pa kulala na mahali pa kazi, na kama ukingo wa njia unampa mpitaji kivuli na mahali pa kusimama. Mambo hayo yote mawili yaliamuliwa na watu, katika nyakati zinazojulikana. Kwa hiyo yanaingia katika historia kwa haki yake.

1. Maneno matatu na safari yake

Tuanze na neno barabara. Asili yake ni Kiajemi, nalo limekaa pia katika lugha za Bara Hindi; maana yake ya kwanza ni usawa. Ndiyo sababu Mswahili husema hata leo kwamba kazi imefanyika barabara, yaani sawasawa. Njia iliyoitwa barabara ilikuwa ile iliyonyooka na kusawazishwa, tofauti na kijia kilichofanywa na nyayo tu. Lilipofika Kongo neno hili likageuza sauti, likawa balabala, na Kilingala nacho kikalipokea hivyo.

Neno la pili ni baraza. Katika pwani, baraza ni kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nje wa nyumba, kikitazama njia. Hapo mwenye nyumba hupokea wageni bila kuwaingiza ndani, wazee huzungumza, na mchuuzi hupumzisha mzigo wake. Kutokana na mazungumzo hayo baraza likapata maana ya mkutano, kisha ya chombo cha utawala. Huku Kongo neno liliingia hata katika Kifaransa cha Wabelgiji, likitamkwa barza, na maana yake ikawa kibaraza cha mbele ya nyumba chenye paa. Tuangalie vizuri mabadiliko hayo: pwani baraza limeshikana na njia, katika nyumba ya kikoloni barza imerudi nyuma ya bustani na ua, mbali na mpitaji. Neno limebaki, lakini mpitaji amepoteza kiti chake.

Neno la tatu ni ng'ambo, yaani upande wa pili wa maji. Zanzibar neno hili limekuwa jina la mtaa mzima, mtaa wa watu wengi na wa mapato madogo, uliotengwa na Mji Mkongwe kwa hori la bahari. Lubumbashi haina bahari. Tutaona hata hivyo kwamba nayo ilitengenezewa ng'ambo yake, na kwamba mahali pa maji palishikwa na ardhi tupu.

2. Mji Mkongwe: nyumba kwanza, njia baadaye

Sehemu kubwa ya nyumba za mawe za Zanzibar ilijengwa katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake kisiwani na biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa kushamiri. Mawe yalikuwa ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vilikuwa vyembamba na kuta nyingi na nene. Nyumba ilipanuliwa kadiri ukoo ulivyoongezeka. Mara nyingine jamaa waliunganisha nyumba mbili kwa chumba kilichopita juu ya njia, ambacho watu wa mwambao hukiita wikio.

Katika mji uliokua kwa namna hiyo njia haikuchorwa na mtu. Ilikuwa ile nafasi iliyobaki baada ya majirani kujenga. Ndiyo maana hupinda, hupungua upana na kuongezeka, hufungukia uwanja mdogo mbele ya msikiti, kisha hujibana tena. Kwa macho ya mgeni huu ni msukosuko. Kwa mwenye kutembea una faida zinazoweza kuelezwa bila ushairi.

Faida ya kwanza ni kivuli. Zanzibar iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, na jua lake ni kali mwaka mzima. Kuta ndefu zilizokaribiana huzuia jua asubuhi na alasiri, hata mpitaji akapigwa nalo kwa muda mfupi tu wa adhuhuri. Faida ya pili ni ufupi wa safari. Katika mtaa wa namna hii msikiti, duka, kisima cha zamani, chuo cha Kurani na nyumba ya jamaa vyote vilikuwa mwendo wa dakika chache. Njia ni nyingi na zinakatana mara kwa mara, kwa hiyo mtu hulazimika mara chache kuzunguka mbali. Faida ya tatu ni ukingo. Mabaraza huifanya njia kuwa mahali pa kukaa na si pa kupita tu. Na mvua kubwa ikinyesha, maji yakajaa chini, baraza lenyewe hugeuka kuwa njia iliyoinuka. Faida ya nne ni mwendo: chombo kikubwa hakiwezi kuingia, na kidogo hakiwezi kukimbia.

Hatutaki hata hivyo kuupamba mji huu kuliko haki. Njia hizi hazikufanywa kwa huruma. Zilikanyagwa na wachukuzi waliobeba pembe za ndovu zilizotoka, nyingi kati yake, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Nyumba ya Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip na aliyetawala biashara hiyo Kasongo na Maniema, ingalipo mtaani Shangani. Zilikanyagwa pia na watumwa waliopelekwa sokoni Mkunazini, mpaka soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Tena uembamba una gharama zake: maji machafu hayapati pa kupita, moto ukizuka gari la kuzimia halifiki, na mgonjwa hubebwa mpaka mahali gari linapoweza kumngoja. Tunachosema ni kwamba mji uliojengwa na watu waliokuwa wakienda kwa miguu ulichukua kipimo cha mwili wao, hata pale ambapo jamii yenyewe haikuwa na haki.

Na baiskeli? Ilipofika katika karne ya 20 ilikuta kipimo hicho kimekwisha wekwa. Kwenye kichochoro mpandaji hawezi kwenda kasi, kwa sababu haoni nini kiko nyuma ya pembe ya nyumba. Hupiga kengele, hupunguza mwendo, na penye watu wengi hushuka akaikokota. Baiskeli iliingia mjini kwa kufuata adabu ya mtembea kwa miguu. Pikipiki, iliyokuja baadaye, ina upana unaokaribia ule wa baiskeli lakini si adabu yake. Hapo ndipo tunapoona kwamba uembamba wa njia huzuia ukubwa wa chombo, wala hauzuii peke yake kasi na kelele.

3. Hori, daraja na ramani

Upande wa mashariki Mji Mkongwe ulipakana na hori. Watu walivuka penye daraja, na jina la Darajani limebaki mpaka leo, ingawa daraja lenyewe halipo. Mwaka 1904 soko jipya lilifunguliwa hapo, nalo likawa mahali pa kukutana kwa pande zote mbili: mchuuzi kutoka Ng'ambo na mnunuzi kutoka nyumba za mawe. Mwenye kutaka kujua moyo wa mji ulipo asitazame ikulu. Atazame mahali miguu mingi inapokutana.

Mwanzoni mwa karne hiyo hiyo mashine zilianza kudai nafasi. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ndogo kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, mwendo wa kilometa 11 hivi. Mjini ilipita karibu sana na kuta za nyumba, mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kutembea na kuketi. Reli hiyo haikudumu. Katika miaka ya 1920 magari yaliinyang'anya kazi ikafungwa. Lakini swali iliyolileta halikuondoka nayo: njia ni ya nani?

Mwaka 1923 kilichapishwa kitabu cha H. V. Lanchester, Mwingereza aliyepewa kazi ya kuandaa mpango wa mji wa Zanzibar. Tangu hapo mji ulianza kutazamwa kutoka juu, kwa ramani, na si kutoka kwenye kimo cha macho ya mpitaji. Hori lilijazwa kidogo kidogo, na juu ya ardhi yake ikapita barabara kubwa ambayo leo ina jina la Benjamin Mkapa. Maji yaliyowatenga watu yalikauka, lakini mahali pake pakaja mkondo mwingine, mkondo wa magari. Aliyekuwa akivuka penye daraja sasa huvuka penye msongamano.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali mpya ilitaka kuwaondolea watu wa Ng'ambo unyonge wa makazi. Kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki yalijengwa majumba marefu ya Michenzani, yakipangwa kando ya barabara mbili pana zinazokutana kwa msalaba. Nia ilikuwa njema, na familia nyingi zilipata maji, umeme na vyoo. Lakini ili kuyapa majumba hayo nafasi, nyumba nyingi za zamani za Ng'ambo pamoja na vijia vyake zilivunjwa. Jumba lenye urefu wa mamia ya meta humlazimisha mtembezi kulizunguka. Na anayeishi ghorofa ya juu hana tena baraza la kukutana na mpitaji. Mfano huu una thamani kubwa kwetu kwa sababu unaonyesha kwamba kosa la kuweka barabara mbele ya mtu halikuwa la wakoloni peke yao.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa zilizotajwa zaidi ni majengo, milango iliyochongwa na mchanganyiko wa tamaduni. Sisi tungeongeza kwamba kilichohifadhiwa hapo, pengine bila kukusudiwa, ni namna ya kutembea. Mlango unaweza kung'olewa na kuwekwa makumbusho, njia haiwezi. Njia huishi kwa kutumiwa tu, nayo hufa siku wakazi watakapoacha kuketi katika mabaraza yao kwa kuogopa pikipiki.

4. Lubumbashi: barabara kwanza, watu baadaye

Tugeukie sasa mji wetu. Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa mpaka mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910 chini ya uongozi wa Emile Wangermée, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika. Mwaka uliofuata tanuru za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, zilianza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Mji ulipimwa kwa kamba: barabara pana, zilizonyooka, zikikatana kwa pembe za mraba, kama ilivyokuwa desturi katika miji ya walowezi wa kusini mwa Afrika. Nyumba zilifuata mistari iliyokwisha chorwa msituni.

Mpango wa mraba una sifa zake. Mgeni hapotei upesi, viwanja hugawanywa kwa urahisi, maji ya mvua huelekezwa mitaroni. Kwa mtembezi una kodi yake iliyofichwa. Anayetaka kwenda kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea hawezi kukata katikati. Lazima afuate pande mbili. Hesabu ya shule inatuonyesha kwamba katika hali mbaya kabisa hatua zake huongezeka kwa karibu asilimia 40. Mwenye gari hahisi ongezeko hilo. Mwenye mzigo kichwani huhisi kila meta yake. Kila mahali palipo kiwanja kitupu tunaona matokeo: kijia cha mshazari, kilichochorwa na nyayo, kinachopinga ramani kimya kimya.

Hata hivyo umbo la mraba halikuwa mzigo mkubwa zaidi. Mzigo mkubwa ulikuwa utengano. Kuanzia mwaka 1921 Waafrika waliokuwa wakiishi karibu na mji wa Wazungu walihamishiwa kusini zaidi, katika mtaa ulioitwa Albert, ambao leo ni komini ya Kamalondo. Kati ya miji hiyo miwili uliachwa ukanda usiokaliwa na watu, wenye upana wa mamia ya meta. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya: ilisemwa kwamba mbu wanaobeba malaria hawataweza kuruka umbali huo. Lakini wapishi, wafua nguo, watunza bustani na makarani walitakiwa kuuvuka ukanda huo kila siku, asubuhi na jioni, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuwa upande wa pili bila kibali. Ukanda haukuzuia kazi, ulizuia ujirani. Na gharama ya kuutunza ililipwa kwa miguu ya waliofanya kazi.

Ukanda huo ndio hori la Lubumbashi, na Kamalondo ndiyo Ng'ambo yake. Tofauti ni kwamba hori la Zanzibar lilifanywa na maumbile, na wenyeji wakalijengea daraja. Ukanda wa hapa ulifanywa na wanadamu kwa kusudi la kutenga. Hakuna baraza katika ardhi tupu. Aliyepita hapo hakupata duka, wala mti wenye mwenyewe, wala jirani wa kumwamkia.

Upo ushahidi kwamba wenye mamlaka walielewa vema thamani ya hatua. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilipoamua kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao badala ya kuwabadilisha kila mara, iliwajengea kambi karibu na mahali pa kazi. Kampuni ilijua kwamba mtu anayefika kiwandani amechoka hutoa kazi kidogo. Umbali ulipokuwa hasara ya kampuni, ulifupishwa. Ulipokuwa hasara ya mtumishi wa nyumbani au ya mchuuzi, uliachwa kama ulivyo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mji ulipanuka zaidi, na Katuba na Ruashi zikajengwa nje zaidi kuliko Kamalondo. Mtu anayetembea kilometa 4 au 5 kwa saa, akiishi kilometa 6 kutoka kazini, hutumia zaidi ya saa mbili kila siku njiani. Saa hizo hazikuandikwa katika hesabu yoyote ya mshahara.

Ni haki kuikumbuka hapa hati ya Kiswahili iliyotungwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, juu ya historia ya mji wa Élisabethville, ambayo Johannes Fabian aliichapisha pamoja na uchunguzi wake mwaka 1990. Thamani yake kwa somo letu ni kwamba imetoka kwa watu walioijua miji yote miwili, ule wa mabwana na ule wa wenyeji, kwa kuwa walikwenda na kurudi kati yake. Waliokaa upande mmoja tu waliandika nusu ya historia.

5. Kinga

Chombo ambacho Kiswahili sanifu hukiita baiskeli, watu wa Lubumbashi hukiita kinga. Ikiwa umbali ulikuwa kodi, kinga ilikuwa namna ya kuipunguza. Safari iliyomchukua mtembezi saa moja na nusu, mpanda kinga huimaliza kwa nusu saa au pungufu. Kwa hiyo mpango ule ule wa barabara pana uliomwadhibu mtembezi ulimfaa kwa kiasi fulani mwenye kinga: ardhi ya Lubumbashi, iliyo kwenye uwanda wa juu wa meta 1,200 hivi, haina vilima vikali, na barabara zilizonyooka humwezesha kuona mbali. Jambo hili linatukumbusha kwamba mtembezi na mpanda baiskeli, ingawa tunawataja pamoja, hawana mahitaji yale yale. Wa kwanza huomba ufupi, kivuli na mahali pa kusimama. Wa pili huomba njia isiyokatika na usalama mbele ya magari.

Usalama huo ndio uliopungua kadiri magari yalivyoongezeka. Barabara pana isiyo na mgawanyo humilikiwa na mwenye nguvu zaidi. Mpanda kinga husukumwa ukingoni, penye mchanga na mtaro. Mtembezi naye husukumwa ng'ambo ya mtaro, penye meza za wachuuzi na magari yaliyosimamishwa. Hata hivyo kinga haikuondoka. Makaa yanayopikia chakula cha mji huu, ambayo sisi huyaita makala, yameingia mjini kwa miaka mingi juu ya kinga, magunia yakipangwa juu ya magunia, mwenyewe akisukuma zaidi kuliko kupanda. Kisangani, mji mwingine wa Kongo unaojua Kiswahili, watu waligeuza baiskeli kuwa gari la abiria katika miaka ya shida ya 1990, wakaliita toleka. Katika hali zote hizo chombo hiki kilibeba uchumi ambao wachora ramani hawakuutengea nafasi hata ya upana wa meta moja.

6. Mafunzo na kazi iliyobaki

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa mafunzo machache. Kwanza, njia ipimwe kwa hatua na kwa dakika za anayeitumia, si kwa upana wake tu. Barabara inayopanuliwa kwa kumeza njia ya waendao kwa miguu imepanuliwa kwa wachache na kupunguzwa kwa wengi. Pili, miti ya kivuli si pambo. Mijakaranda ya katikati ya Lubumbashi, ambayo wengi huisifu kwa maua yake, hufanya kwa mpitaji kazi ile ile ambayo kuta za Mji Mkongwe hufanya. Kuikata ni sawa na kubomoa paa. Tatu, vijia vilivyochorwa na nyayo vinastahili kusomwa kabla ya kufungwa kwa ukuta, kwa kuwa ni maoni ya wananchi yaliyoandikwa ardhini. Nne, mwendo wa vyombo vyenye moto upunguzwe katika mitaa ya kale, kwa sheria na kwa umbo la njia pamoja, maana Zanzibar imetuonyesha kwamba umbo peke yake halitoshi.

Pengine msomaji atapinga akisema kwamba miji yetu ina shida kubwa zaidi: maji, umeme, ajira. Hoja hiyo ina uzito. Tunajibu kwamba aliye maskini hukutana na shida hizo zote akiwa njiani: mama achotaye maji mbali, mtoto aendaye shule, mgonjwa aendaye zahanati. Umbo la njia huongeza au hupunguza kila moja ya shida hizo.

Iko pia kazi inayotuhusu sisi wa Chuo Kikuu. Wazee waliouvuka ukanda ule kwa miguu wanapungua kila mwaka. Wanajua walipita wapi, walivua viatu mahali gani wakati wa masika, walingojana chini ya mti upi, walipaitaje. Majina hayo mengi ni ya Kiswahili, wala hayamo katika ramani yoyote. Mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa historia wanaweza kwenda pamoja Kamalondo, Kenya na Katuba wakayakusanya, si kwa kukaa ofisini bali kwa kutembea na wazee njia zile zile, polepole, kwa mwendo wa wazee.

7. Hitimisho

Wahenga walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Walimsema mzururaji asiye na kazi. Katika mji uliotengwa kwa makusudi, aliyekula miguu yake alikuwa mwenye kazi, tena kazi iliyoujenga mji wenyewe. Mji Mkongwe wa Zanzibar, pamoja na madhambi ya historia yake, ulimpa mpitaji kivuli na kiti. Lubumbashi ilimpa barabara iliyonyooka na umbali. Ukanda uliotenga watu hauna tena sheria ya kuulinda, lakini umbali uliouacha ungali unalipwa kila asubuhi na watu wanaoingia mjini kwa miguu kabla ya jua kuchomoza. Mpango wowote wa kuutengeneza mji huu uanze kwa kuwahesabu hao.